Sahani za Baba Mkwe

Mwezi uliopita, tulipomaliza matanga ya mama mkwe wangu na vijana kuja kufungua maturubai, binti yangu Tusekile alitandaza picha za zamani juu ya meza ya sebuleni hapa Soweto, Mbeya, akitafuta ya babu yake ili aiweke kwenye fremu moja na ya bibi. Akapata moja: mzee amesimama kando ya baiskeli, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Akaniuliza, "Mama, babu alikuwa hivi kweli?" Nikamwambia sijui. Akacheka akidhani natania, maana anajua nilikaa na babu yake nyumba moja, karibu mwaka mzima. Sikuwa natania. Nilimpikia mwanamume yule kila siku ya Mungu, nilifua mashuka yake, kikohozi chake ningekitambua katikati ya soko la Mwanjelwa, lakini uso wake niliuona mwishoni kabisa, na wakati huo nusu yake ilikuwa imekwisha kuliwa. Sasa Mama naye ametangulia, na jambo nililolinyamazia kwa ajili yake naweza kuliandika.

Nilikuwa na miaka ishirini, Mhehe wa Iringa niliyeolewa kwa Wanyakyusa, na nyumba ile ilishika mila kama ilivyoshika kanisa. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hamsalimii, hakai naye chumba kimoja. Akikohoa mlangoni, wewe unatokea mlango wa uani. Mkikutana njiani unajifunika khanga, unachutama, unampa mgongo hadi apite. Ni yeye peke yake anayeweza kukufungulia mwiko huo, kwa zawadi, siku atakayopenda, na wapo wasiofungua hadi wanaingia kaburini. Wifi zangu walinifundisha hayo wiki ya kwanza huku wakishika mbavu kwa kicheko, kwa sababu mara mbili nilichutama nikiwa nimemwelekea badala ya kumpa mgongo, macho nimeyafumba. Sitasema nilionewa. Niliona ni heshima, na ilinipa raha fulani kuwa na mtu mmoja duniani ambaye hakuna siku angenitazama kunipima. Baba mwenyewe alikuwa mtu wa utani. Kwa kuwa hakuweza kunisemesha, alisema na kuku. Nikiwa jikoni ningemsikia uani akisema, "Wewe tetea, mwambie aliyepika ndizi za leo kwamba tulimtolea ng'ombe wachache, wazazi wake walikosea hesabu." Mama mkwe angemwambia aache utoto, nami ningecheka mdomo nimeuziba kwa khanga, peke yangu, mbele ya sufuria.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi miaka miwili Iringa, katika chumba cha meno cha zahanati moja ya misheni. Kazi yangu ilikuwa kuosha koleo, kuchemsha vifaa, kufuta damu sakafuni na kuwashika mikono wagonjwa waoga. Bosi wangu alikuwa Sista Benigna, mwanamke mfupi mwenye mikono minene, aliyeng'oa meno ya nusu ya mji na kuwagombeza wote. Alinifundisha mambo mengi bila kujua ananifundisha, lakini moja alinishika bega akaniambia makusudi, siku alipomrudisha mama mmoja bila kumgusa jino: "Binti, jino huuma likapoa, likauma likapoa. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu hakijafunga, hilo si jino tena. Hapo mtu atafutiwe mwenye kisu, si mwenye koleo." Mama yule alikuwa na harufu ambayo sikuwahi kuisikia kabla ya hapo. Si ya jino bovu, hiyo nilikuwa nimeizoea. Ilikuwa tamu kidogo na nzito, na ilibaki kwenye kikombe cha kusukutulia hata baada ya kukichemsha mara mbili.

Basi mwaka ule wa kwanza wa ndoa yangu niliusoma kwenye sahani. Mume wangu, Ambakisye, alikuwa dereva wa malori ya Zambia na Kongo, leo yuko, kesho Tunduma, wiki tatu hujui aliko. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, Baba na mimi. Chakula cha Baba nilikitenga kwanza, Mama akampelekea chumbani kwake, na vyombo vikarudi kwangu. Mwezi wa tatu, mahindi mabichi yalipoanza kuja kwa wingi, nilimchomea mawili kila jioni kwa kuwa nilisikia akiyasifu. Yalikuwa yakirudi magunzi matupu, yamesafishwa kama yamepigwa randa. Kisha jioni moja yakarudi yameguguniwa upande mmoja tu. Wiki iliyofuata yakarudi yote, yamepoa. Mwezi wa tano ikawa kande. Aliokota maharage akaacha mahindi. Baadaye nyama ikarudi imetafunwa kidogo na kuwekwa pembeni ya sahani, imefichwa chini ya ugali kama watoto wanavyofanya. Na ukutani, upande wa pili wa jiko langu, sauti yake ilianza kubadilika, maneno yakawa yanatoka kama mtu anayeongea huku ana ndizi mdomoni. Kuku nao akapunguza kuwatania.

"Jino," alisema Mama nilipomuuliza kama Baba hajambo. Alikuwa anamenya viazi, wala hakuinua uso. "Jino tu. Kesho anakwenda Mwanjelwa." Alikwenda kweli, kwa fundi mmoja mwenye chumba juu ya duka la simu, na jino kubwa lililochorwa ukutani. Akang'olewa moja, akapewa amoksilini na flajili. Baada ya wiki tatu akang'olewa la jirani yake, kwa kuwa nalo lilikuwa limelegea. Nilimsikia akimsimulia mkewe: "Huyu kijana ana mkono mwepesi. Limetoka lenyewe, hata kuvuta hakuvuta." Nilisimama jikoni na mwiko mkononi. Kwa Sista nilijifunza kwamba jino la mtu mzima halitoki lenyewe isipokuwa mfupa unaolishikilia umekwisha.

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, kikombe chake cha chai kilirudi na alama ya damu ukingoni, nikakinusa. Naandika hili na ile harufu inanirudia puani. Nilikimwagia maji ya moto, nikakinusa tena, bado. Nilikaa chini kwenye kigoda nikahesabu wiki kwa vidole, zilipita kumi. Siku hiyo hiyo, Mama alipoingia kuchukua makaa, nikakusanya ujasiri wangu wote. Nikasema, "Mama, kile kidonda cha Baba mdomoni, nahisi si cha jino." Aliweka koleo la makaa chini taratibu. "Kidonda gani?" akauliza. "Wewe mdomo wa baba yako umeuona wapi?" Nikasema sijauona. "Kama hujauona, unakijuaje? Umemwangalia, Twilumba? Sema tu, kama umemwangalia." Nikaapa. Nikamwambia habari za sahani na kikombe, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona mchafu, mtu anayenusa vyombo vya mkwewe. Alinisikiliza hadi mwisho. "Watu wakisikia kwamba wewe ndiye unayeeleza ya kinywani mwake," akasema, "watasema nini? Yaache. Ni jino." Hakuwa mwanamke mbaya, naomba nieleweke. Alikuwa anatulinda wote wawili kwa silaha pekee aliyoijua. Nikayaacha. Kitu kimoja tu nilifanya bila kuambiwa: nikaacha kumtengea vigumu, nikaanza kumpelekea uji wa mchele uliopondwa na maziwa, asubuhi, mchana na jioni. Bakuli likawa linarudi tupu, nami nikajidanganya kwamba nimesaidia.

Mwezi wa saba mwishoni nilipewa ruhusa kwenda Iringa kwa kipaimara cha mdogo wangu. Nilifika jioni, na asubuhi yake, kabla hata sijamaliza kusalimia ndugu, nilikuwa mlangoni kwa Sista Benigna. "Kamwene, Sista." "Kamwene, binti. Ndoa imekunyonya, umekonda." Nikamweleza. Akaniuliza uvimbe ni mkubwa kiasi gani, nikasema sijui. Kidonda ni cheupe au chekundu? Sijui. Shingoni ana tezi? "Sista, sijamwona." Akavua miwani. "Mnakaa nyumba moja?" Nikasema ni baba mkwe wangu, na wao ni Wanyakyusa. Sista alikuwa amekaa nyanda hizi maisha yake yote, hakuhitaji maelezo zaidi. Akaniuliza maswali ya sahani, moja moja, kana kwamba sahani nazo ni vipimo: aliacha nini kwanza, anatafunia upande gani, anakunywa kwa upande upi wa kikombe. Nikajibu yote. Nilitegemea atanituma Dar es Salaam. Badala yake akasema, "Umepanda basi kuja huku kutafuta mtu ambaye yuko mjini kwako. Kuna daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, anakuja hapo Mbeya hospitali kubwa kila mwezi, Jumanne ya kwanza. Lakini ukifika usiulize meno. Ukiuliza meno mji mzima utakuonyesha wang'oaji. Uliza taya." Akaandika barua ya ukurasa mmoja, akaikunja mara nne, akanitia mkononi.

Nilirudi Mbeya Jumapili, na Jumatatu nikaaga nakwenda sokoni, nikaenda hospitali. Sijui kwa nini nilitaka kuuona mlango kwanza. Pengine niliogopa kumpeleka mzee mahali pasipokuwepo. Dirishani niliuliza taya, nikaelekezwa foleni ya meno. Kwenye meno wakasema taya limevunjika? Halijavunjika, basi nenda masikio na koo. Masikio na koo wakanirudisha dirishani. Nilizunguka majengo yale hadi jua likawa la utosi, nikisema neno taya kwa kila aliyevaa nyeupe, na wengine walinitazama mimi usoni wakitafuta uvimbe. Mwishowe muuguzi mmoja wa makamo, aliyekuwa anakula chapati kwenye benchi, akaisoma barua ya Sista, akainuka na chapati yake, akanipeleka hadi mwisho wa korido. Mlango wa kijani, karatasi imebandikwa kwa plasta. "Ni kesho," akaniambia. "Mlete kesho, saa moja asubuhi awe hapa, mimi mwenyewe nitamwingiza." Nilitoka pale nikitembea haraka kama mtu aliyebeba kitu cha moto. Katika mji mzima ule, niliupata mlango mmoja niliouhitaji, na ulikuwa unafunguliwa siku inayofuata.

Kilichotokea jioni ile ndicho ambacho sijakizoea hadi leo. Nilimpa Mama barua, nikasema imetoka kwa Sista, mtu wa Mungu, si kwangu. Safari hii hakugomba. Nadhani naye alikuwa ameanza kuisikia harufu, wanalala kitanda kimoja. Tatizo likawa nani atampeleka. Mama goti lake lilikuwa limevimba, hata chooni alikwenda kwa fimbo. Ambakisye alikuwa amekwama foleni ya malori mpakani. Shemeji yangu alikuwa Kyela na simu yake haikupatikana. Nikabaki mimi. Mama akanitazama, nami nikamtazama, na wote tuliona picha ile ile: mimi na Baba benchi moja, mimi nikijibu maswali ya daktari kuhusu kinywa chake, mimi nikimshika mkono kumvusha barabara. "Jirani je?" nikauliza. "Tukawaambie nini majirani?" Ndipo Baba, aliyekuwa anasikia yote ukutani kama mimi nilivyosikia yake miezi yote ile, akakohoa na kusema kwa ile sauti yake ya kubanwa, "Ambakisye akirudi." Maneno mawili. Mama akashusha pumzi. Nami, Mungu anisamehe, nilishusha pumzi pia. Nilikuwa nimezunguka hospitali nzima kuutafuta mlango ule, na niliposikia kwamba si mimi nitakayeingia naye, nilifurahi. Ambakisye alirudi siku ya kumi na mbili. Daktari alikuwa amekwisha kuondoka, tukaingoja Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tisa.

Mwezi ule wa kungoja sitausimulia wote. Bakuli la uji lilianza kurudi nusu, kisha robo tatu. Baba hakusema tena na kuku wala na mtu. Siku ilipofika, Ambakisye alimchukua kwa teksi, Mama akiwa mbele, na mimi nikaja nyuma kwa miguu nikibeba kikapu cha vyombo. Nilikaa koridoni nikiwa nimeupa mgongo mlango wa kijani. Baada ya muda muuguzi yule wa chapati akatoka akasema daktari anamtaka anayempikia mgonjwa. Nilisikia Ambakisye akieleza mila, na sauti ya daktari, ya upole tu, ikisema, "Asimwangalie, sawa. Ageukie ukutani. Lakini aingie." Nikaingia kinyumenyume, khanga kichwani, nikasimama nimeelekea kalenda. Daktari akaniuliza, "Mama anasema tatizo lina miezi miwili. Mtoto hajui, alikuwa safari. Wewe unasemaje? Lini aliacha kula vitu vigumu?" Nikaiambia kalenda. Nikasema mahindi ya kuchoma aliyaacha mwezi wa tatu, wiki ya mwisho, alianza kutafunia upande wa kushoto kabla ya hapo. Mahindi ya kande mwezi wa tano. Nyama wiki moja baadaye. Damu kwenye kikombe mwezi wa sita, na harufu. Uji nusu bakuli tangu wiki iliyopita. Nikasikia kalamu ya daktari. Aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Asante, dada. Hii ndiyo historia niliyokuwa naitafuta." Nyuma yangu nilisikia Baba akipumua kwa pua.

Walikata kinyama, wakapeleka kupima, ingawa daktari alimwambia Ambakisye koridoni kwamba hana shaka, ni saratani. Taya la kulia lilikuwa limeliwa, na ugonjwa ulikuwa umeshuka hadi kwenye tezi za shingoni. Kisu peke yake hakitoshi tena, atamwandikia rufaa ya mionzi Dar es Salaam, lakini kwanza wamwekee mpira wa kulishia, maana mdomo haufunguki. Mume wangu alimuuliza swali ambalo mimi nisingethubutu: kama tungekuja mwezi uliopita? Daktari alikuwa mtu mwaminifu. "Siwezi kukuapia kwamba mngewahi," akasema. "Wala siwezi kukuapia kwamba msingewahi." Nimeishi na sentensi hizo mbili zaidi ya miaka ishirini, na sijui ipi ni mbaya zaidi.

Baba alikataa Dar. Aliandika kwenye daftari walilompa, kwa kuwa kusema kulikuwa kumeisha, kwamba atakufa akiiona milima yake. Akalazwa wodini, na muuguzi akasema lazima mtu mmoja wa nyumbani afundishwe kumpitishia uji kwenye mpira na kumsafisha kidonda. Mama alishika bakuli, akamwaga. Ambakisye alijaribu mara moja, akatoka nje kutapika, akarudi analia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nikasikia penseli ikikwaruza, na Ambakisye akasoma kwa sauti: "Mletee kitenge. Aje." Kesho yake Ambakisye alinunua kitenge cha kijani, akaniwekea begani kwa niaba ya baba yake, na Mama akanishika mkono akanigeuza. Nikamtazama. Upande wa kushoto alikuwa Ambakisye kabisa, ile pua, lile jicho la mzaha. Upande wa kulia siandiki. Nililia, naye akaniangalia nikilia bila kuona aibu, kisha akagonga bakuli kwa ukucha kunionyesha kwamba uji unapoa.

Nilimhudumia wiki sita. Nilijua kufunga na kufungua bandeji bila kumuumiza, nilikuwa nimeshika mikono ya wengi Iringa. Mchana mmoja, Mama akiwa amekaa miguuni pa kitanda akishona, Baba alichukua daftari na kuandika kwa muda, akipumzika katikati ya maneno, akanigeuzia. Aliandika: "Ulianza kuniletea uji kabla sijauomba. Nikajua umejua. Nilikuwa nangoja useme." Niliyasoma mara mbili. Hakukuwa na hasira usoni mwake, ndiyo maana yaliniumiza hivyo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nami nilikuwa nangoja aulize, hata kwa kuku. Mama hakujua kusoma. Aliinua macho kwenye kushona kwake, akauliza, "Kasemaje?"

Nikatazama goti lake lililovimba, nikakumbuka koleo la makaa likiwekwa chini taratibu, nikakumbuka nilivyoshusha pumzi pamoja naye jioni ile. Nikasema, "Anashukuru kwa uji, Mama." Baba alinitazama, kisha akaichukua ile karatasi, akaichana, akaikunja ikawa ndogo, akanipa nikaitupe. Alikufa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Na Mama, kila alipotaka kuwaeleza wageni jinsi nilivyokuwa mkwe mwema, aliwasimulia kwamba maneno ya mwisho ya mzee yalikuwa ya kunishukuru kwa uji. Alilisimulia hilo kwa miaka yote, mara ya mwisho wiki moja kabla ya kufa, akiwa amenishika mkono, na mimi nikaitikia kwamba ndivyo.